Moshi wa Nyumba ya Amparo

Kwetu Valdoreja tunahesabiana kwa moshi. Asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, kabla padri hajapanda kutoka bondeni, mwenyekiti wa baraza husimama uani kwa kanisa, mahali unapoyaona mapaa yote, akaangalia ni dohani zipi zinafuka. Nyumba inayofuka ni kaya. Itapata fungu lake la kuni katika msitu wa mialoni ulio mali ya wote, itapata sauti barazani, na siku za msaragambo, tunapotengeneza njia na kuzibua mifereji, itatoa mtu mmoja. Nyumba isiyofuka imekufa, hata kama mwenyewe yuko Madrid anakula na kunywa. Aliyeitunga sheria hiyo hajulikani. Serikali iliikuta, na mimi Tarsicio, niliyekaa uenyekiti muda mrefu kuliko nilivyostahili, niliikuta vilevile.

Kwa hiyo nisingeweza kutomwona Domitila. Kila mwaka, asubuhi hiyo, alitoka kwake na ndoo ya bati yenye makaa ya moto, akapanda kichochoro hadi nyumba ya marehemu mdogo wake, Amparo. Nyumba ile haikuwa na mtu. Baada ya muda dohani ilianza kufuka, naye akashuka amejifunga kitambaa chake vizuri kama mtu anayetoka kusali. Ndoo alikuwa akiificha chini ya aproni, na ndoo ilikuwa kubwa kuliko aproni. Mimi nilikuwa nageuka kuutazama mnara wa kanisa. Nikirudi kuhesabu, nyumba ya Amparo naihesabu. Macho yangu yana mtoto wa jicho, kijiji kizima kinajua.

Haikuwa siku hiyo tu. Wakati wote wa baridi alikuwa akipanda kuwasha, unyevu usije ukaila miti ya paa. Na siku za msaragambo alifanya kazi ya watu wawili: asubuhi alishika koleo kwa ajili ya nyumba yake, mchana akalishika tena kwa ajili ya nyumba ya Amparo. Mgongo wake ulianza kupinda mapema. Hatukumuuliza, kwa sababu tulijua ile nyumba anamtunzia nani.

Ujana wake aliumalizia Bilbao, mtumishi katika nyumba ya watu wenye nafasi. Mama yake alipoangukia kitandani, Domitila akarudi kwa mwezi mmoja. Mwezi ule haujaisha hadi leo. Akabaki na ng'ombe, na bustani ya kabichi, na mdomo wake. Tarishi mmoja wa bonde la pili alikuja kumposa majira mawili ya joto, akamkatalia kwamba mtu anayebeba habari hatakiwi kutembea polepole namna ile. Sisi vijana wa wakati ule tulicheka, lakini kuna waliofurahi kimoyomoyo kwamba amekataliwa, na sitawataja.

Amparo ndiye aliyeolewa. Mumewe akaenda kutafuta kazi Uswisi, na huko akapotelea. Kilichobaki ni mtoto wao, Rubén. Rubén alikuwa bado anavaa kaptula Februari ile moyo wa mama yake ulipomwangusha jikoni. Theluji ilikuwa imejaa. Tukapiga simu, tukaambiwa gari la wagonjwa lililo karibu liko mjini León, na njia ni ndefu, tungoje. Hatukungoja. Nilimpakia Amparo kwenye gari langu la kubebea nyasi, Domitila nyuma, kichwa cha mdogo wake mapajani. Pale darajani akagonga kioo. "Punguza mwendo, Tarsicio," akaniambia, "hakuna haraka tena."

Tangu siku hiyo Rubén akalala kwa mama yake mkubwa, na nyumba ya Amparo ikafungwa. Domitila alimlea kwa ukali wa midomo na ulaini wa mikono. Alimkemea kwa kila kitu, kisha akamkatia soseji nene kuliko ya kwake. Kijana alikuwa na kichwa. Akaenda chuo Valladolid, akaenda Madrid, na kama ilivyo desturi ya wenye vichwa, hakurudi. Alikuja Krismasi na siku za mazishi. Aliegesha gari uwanjani chini, akala kwa mama yake mkubwa, akaondoka. Kichochoro cha kwao hakukipanda. Aliniambia mara moja kwamba paa lazima limeshaanguka, na hataki kuliona. Ulimi uliniwasha, lakini Domitila alikuwa ameshatukataza sote kwa jicho.

Siasa ilimwingia Domitila uzeeni, kama mtu anavyopata surua ukubwani. Mikoa ya ndani ilipoandamana Madrid kudai haki yake, alipanda basi na kengele ya ng'ombe mkononi, akaipiga hadi polisi mmoja akamwomba apumzike. Huko kikazaliwa Chama cha Mikoa ya Ndani. Hoja yake hata mbuzi wetu wanaielewa: sisi tunatoa maji, tunatoa umeme wa mabwawa, tunatoa watoto, na tunarudishiwa mabango ya utalii. Domitila akachukua kadi. Mabango ya chama aliyabandika kwa uji wa ngano kwenye ukuta wa josho la ng'ombe, na ng'ombe wakayalamba. Akayabandika tena. Chama kikapata viti vichache bungeni, na kwa kuwa chama kikubwa cha Madrid kilihitaji kura za kuunda serikali, vichache vikawa dhahabu.

Na ni nani alikuwa anaandika sera za chama juu ya pengo la uchumi baina ya mikoa? Rubén. Mama yake mkubwa alikuwa akizunguka na ilani mkobani, miwani imefungwa kwa uzi, akikusomea ibara hata kama umemjia kuazima chumvi. "Hii kaandika mwanangu," anasema. "Na hii. Hii hapana, hii kaandika mpumbavu mwingine."

Basi mwaka ule makubaliano yakawa karibu. Wakubwa wa Madrid wangetoa zahanati zenye daktari kila siku kwenye miji midogo ya mabonde, magari ya wagonjwa, nafuu ya kodi kwa anayeishi huku, na reli ifufuliwe. Nao walitaka mageuzi ya utawala. Vijiji visivyofika kaya ishirini vivunjiwe mabaraza, viunganishwe na halmashauri ya mji wa bondeni, pamoja na misitu yake na malisho yake. Mkutano mkuu wa chama ungepiga kura Februari. Domitila alikuwa mjumbe.

Rubén akaja kutueleza Siku ya Watakatifu Wote, baada ya misa, kwa sababu ndiyo siku ambayo hata waliohama hupanda kuweka maua makaburini. Tulikusanyika katika shule ya zamani, tukakaa kwenye viti vya watoto, magoti yakitugusa videvu. Domitila alikaa nyuma kabisa. Asubuhi nilikuwa nimeshamwona na ndoo yake.

Kijana alieleza vizuri, tena bila madoido. Alisema bonde lenye mabaraza mengi madogo, kila moja na muhuri wake, haliwezi kuajiri hata muuguzi.

Ovidia, mwenye ng'ombe wengi kuliko sote na subira kidogo kuliko sote, hakumwacha amalize. "Kwa hiyo msitu wetu atagawa nani?"

"Halmashauri, Mama Ovidia. Kwa utaratibu mzuri."

"Utaratibu! Yule meya wa bondeni hata mwaloni na nguzo ya umeme hawezi kutofautisha. Atauuza ukageuzwa mbao kabla sijavaa viatu."

"Sheria itamzuia."

"Sheria ya nani? Yako? Mkataa kwao mtumwa, mwanangu, na wewe unatuuza na bei umeandika mwenyewe."

Watu wakaguna. Rubén akawa mwekundu, na sauti ikampanda. "Mama yangu alifia njiani! Kwenye gari la nyasi! Baraza lilikuwepo siku hiyo, msitu ulikuwepo, kengele ya kanisa ilikuwepo. Kimoja kati ya hivyo kilimfaa nini? Mkitaka nije niwaimbie uzuri wa kijiji, nitaimba. Mimi nataka daktari."

Na usukani wa gari lile niliushika mimi.

Nikatafuta neno la kuvunja ukimya, na kwa kawaida yangu nikapata lisilofaa. "Sisi katika hesabu zenu ni kaya ngapi?"

"Kumi na nne, Mzee Tarsicio. Daftari la wakazi."

"Kumi na tano."

"Mzee, nimeangalia mwenyewe."

"Na mimi nimeangalia mwenyewe, leo asubuhi, na mtoto wa jicho juu. Toka nje uhesabu, msomi."

Nilisema kwa ubishi tu, Mungu shahidi. Lakini wote wakainuka, kwa sababu viti vilikuwa vinawauma, na Rubén akatangulia hadi uani kwa kanisa akicheka, akanyoosha kidole kama alivyokuwa akifanya utotoni tulipomfundisha. Kwa Ovidia, moja. Nyumba ya kufikia padri, hapana, hiyo haihesabiwi. Kwangu. Kwa Domitila. Kidole kikapanda kichochoro, kikasimama.

Dohani ya nyumba ya mama yake ilikuwa inafuka. Paa lilikuwa zima, mawe yake bapa yamepangwa vizuri. Kwenye kona moja mawe yalikuwa mapya, maana tulimsaidia Domitila kuyaweka mwaka uliotangulia, tena bila kuulizana kitu.

"Nani anaishi kwa mama?" akauliza.

Ovidia, ambaye hajawahi kukosa la kusema, aliangalia viatu vyake.

"Nimeuliza, nani anaishi pale?"

"Wewe," akasema Domitila kutoka nyuma.

"Mimi?"

"Wewe hapo. Tangu ulipoondoka. Tena ni mkazi mzuri, msaragambo hukosi."

Rubén alimtazama mama yake mkubwa, akamtazama mgongo, na nadhani ndipo alipouona mgongo ule kwa mara ya kwanza. Alianza kupanda kichochoro peke yake. Domitila akamfuata, na mimi nikafuata kwa sababu ni mwenyekiti, na kwa sababu ni mbea.

Ndani mlikuwa na joto. Hapakuwa na maajabu: meza, benchi, sufuria zimegeuzwa kifudifudi, aproni ya Amparo kwenye msumari wake. Rubén alisimama mbele ya moto mikono imening'inia.

"Mbona hukuniambia, Mamkubwa?"

"Ningekwambia ungekuja kulipa. Mimi nilitaka uje kwa kuwa umetaka." Akachukua kijiti, akachokoa kuni ambazo hazikuhitaji kuchokolewa. "Mtu asiye na moshi hana kwao, Rubén. Nilisema, akichoka huko, asikute amefutwa. Basi. Hakuna kingine."

"Na nimekuja kuwafuta nyie."

"Usijipe ukubwa. Kaa chini."

Akakaa. Yeye akabaki amesimama, kama alivyokuwa akimfanyisha hesabu za shule.

"Nisikilize. Kichwa cha mama yako nilikishika mimi. Kwa hiyo gari la wagonjwa nalitaka kuliko unavyolitaka wewe. Lete. Lakini nani kakwambia ukitaka daktari lazima utoe baraza?"

"Wao. Ndiyo bei yao."

"Basi hukujua kununua. Hata ulipokuwa mdogo, nikikutuma sokoni ulikuwa unarudi na jogoo kiwete kwa bei ya mzima."

"Mara moja tu, Mamkubwa!"

"Mara mbili. Muhuri wachukue. Makaratasi wachukue, taa za barabarani wachukue, mimi nimechoka kuona Tarsicio anapotea kwenye makaratasi. Lakini kuni, na maji, na njia, vitu tunavyofanya kwa mikono yetu, hivyo vinawaudhi nini? Vinakula bajeti ya nani?"

Rubén alikuwa anatazama moto, na mimi nilimwona anafikiri, kwani hukunja uso vilevile kama Amparo alivyokuwa akikunja.

"Na usipobadilisha," akaendelea Domitila, sasa kwa upole, "Februari nitakunyooshea mkono wa hapana mbele ya watu wote, mwanangu. Na bado utakula kwangu siku hiyo. Dengu nitaloweka usiku uliotangulia."

Kijana akacheka, na kicheko kikamgeuka kilio katikati. Domitila akamvuta kichwa, akakilaza kwenye aproni yenye jivu. Mimi nikatoka nje kuangalia mnara wa kanisa.

Sitaki kumpa mtu utukufu asiokuwa nao. Rubén alirudi Madrid, akagombana na wakubwa wa chama chake kwanza, kisha na wakubwa wa chama kile kingine. Walimwita mshamba, neno ambalo huku ni sifa. Februari kifungu kililetwa kimerekebishwa: mihuri na mishahara iende kwenye halmashauri, lakini kijiji kibaki na baraza lake kwa ajili ya msitu, maji na msaragambo, na kaya zake zihesabiwe kwa desturi yake. Wajumbe waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Domitila alinyoosha mkono wa ndiyo, akaushikilia juu hadi jirani yake akamshikia kiwiko. Kikapita. Reli hadi leo iko kwenye karatasi, na zahanati ina daktari siku tatu kati ya saba. Lakini gari la wagonjwa lilikuja, jeupe, likaegeshwa bondeni kama lilivyoahidiwa.

Aliyelipanda kwanza kutoka Valdoreja ni Domitila. Septemba aliteleza kwenye ngazi ya ghala akavunja nyonga. Nilipiga simu huku nimemshika mkono, na kabla sijamaliza kugombana naye kwamba ngazi ile nilimkataza, tukasikia king'ora kwenye kona ya daraja. Alifumba macho. "Laiti Amparo angesikia hiki," akasema.

Wakampeleka León, na mfupa wa mzee hauna haraka. Oktoba ikaisha yuko huko. Watakatifu Wote ilipofika nilipanda uani kwa kanisa asubuhi, baridi inauma masikio, na niseme kweli, sikutaka kuangalia. Nyumba ya Amparo ilikuwa kimya. Ya Domitila ilikuwa kimya. Kwa haki ya sheria ningezifuta zote mbili, na mtoto wa jicho ana mipaka yake. Nilivua kofia nikasimama tu. Nilimkumbuka na ndoo yake, nikahisi upweke ambao hata mke wangu alipokufa sikuuhisi hivyo, kwa sababu siku ile Domitila alikuwepo.

Ndipo ukatoka moshi kwa Amparo. Na muda kidogo baadaye ukatoka kwa Domitila, ila huo haukupanda. Ulitokea dirishani, mlangoni, chini ya mawe ya paa, mweusi, mzito, kana kwamba nyumba inaungua. Nikashuka mbio za kizee.

Rubén alikuwa mlangoni, suti ya Madrid imejaa masizi, machozi yanamtiririka, ndoo ya bati mkononi. Alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri.

"Mzee Tarsicio," akasema akikohoa, "eti mtu mmoja anaweza kuwa na moshi wa nyumba mbili?"

"Sheria inakataa kabisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo leo macho yangu ni mabaya sana."

Simu yangu ikalia. Ilikuwa ni yeye, kutoka kitandani León, sauti nyembamba lakini ukali ule ule. Hakusalimu.

"Tarsicio. Umehesabu?"

"Nimehesabu."

"Kwangu kunafuka?"

Nikamtazama kijana, akaniomba kwa mkono nisimtaje. Nikasema, "Kunafuka, Domitila. Kunafuka hadi madirishani."

Nilisikia anavuta pumzi, na manesi wakipita nyuma yake, na mahali fulani kitoroli kikigongana na mlango. Aliporudi sauti ilikuwa imelowa.

"Mwambie avute kile kibati cha kufungulia dohani, mjinga yule," akasema. "Na mwambie dengu ziko kabati la juu."